Somo Dogo la Taaluma za Ulaya katika Shahada ya Kwanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wahadhiri na Wanafunzi wa Malindi na Mwambao

Ukurasa huu ni wa idara zinazotaka kuanzisha somo dogo la Taaluma za Ulaya na wanafunzi wanaofikiria kulisoma. Unaanza na mambo ya msingi na kuishia kwenye hali zisizo za kawaida. Jambo lililoelezwa kwingine limetajiwa namba ya swali lake.

## Mambo ya msingi

1. Somo dogo ni nini hasa?

Ni fungu la kozi zenye mpangilio ambalo mwanafunzi hulisoma sambamba na somo lake kuu, ndani ya shahada ileile. Mwanafunzi wa Historia hubaki wa Historia. Akihitimu, transkripti yake huonyesha pia kwamba amekamilisha Taaluma za Ulaya.

Kwa shahada ya miaka minne tunashauri kozi 6, kila moja ya saa 45 za darasani, yaani saa 3 kwa wiki katika semesta ya wiki 15. Likipungua kozi 5, fungu huwa jepesi mno kustahili jina lake. Likizidi 7, linaanza kula nafasi ya somo kuu, na wakuu wa idara watalipinga kwenye kikao cha kwanza.

2. Kwa nini Ulaya, na kwa nini Malindi?

Kwa sababu hapa Malindi Ulaya si habari ya kusimuliwa tu. Vasco da Gama alifika Aprili 1498 akapewa rubani wa kumvusha bahari hadi Calicut, na nguzo nyeupe yenye msalaba ingali imesimama kwenye rasi. Mwaka 1542 mmisionari Mkatoliki Francis Xavier alipita hapa akielekea India. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa, na mtawala wa Malindi akahamia huko chini ya ulinzi wao. Ukipanda kaskazini, Witu ilikuwa chini ya himaya ya Ujerumani kuanzia 1885 hadi mkataba wa Heligoland na Zanzibar wa Julai 1, 1890. Lamu mjini ile nyumba iliyokuwa posta ya Wajerumani sasa ni makumbusho.

Wala si mambo ya kale tu. Ngomeni kuna kituo cha anga cha Waitaliano, na ni kutoka jukwaa lake la baharini ambapo setilaiti ya Marekani iliyopewa jina Uhuru ilirushwa Desemba 12, 1970, ikawa ya kwanza kutengwa kwa uchunguzi wa miali ya eksirei angani. Mjini Malindi, Kiitaliano husikika sokoni, hotelini na ufukweni kila siku. Chuo kilicho karibu na haya yote kina maktaba ya pili nje ya lango lake, na si haki mwanafunzi kumaliza miaka minne bila kuifungua.

3. Je, kufundisha Ulaya si kuwatukuza waliotutawala?

Swali hili huulizwa kila kikao, na lina haki ya kuulizwa. Jibu liko katika mahali mwalimu anaposimama anapotazama. Somo linalopendekezwa hapa linaitazama Ulaya kutoka Bahari ya Hindi. Halikusudiwi kuwa nakala ya programu ya Paris au Bologna iliyoletwa ikiwa imefungwa.

Chukua mfano wa rubani wa 1498. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba alikuwa Ibn Majid, baharia mashuhuri wa Kiarabu, lakini wanahistoria wengi sasa hawakubali. Mwanafunzi akisoma kumbukumbu za Kireno peke yake, ataondoka na hadithi ya mgeni shujaa. Akizilinganisha na vyanzo vya Kiarabu na simulizi za mwambao, atajifunza jinsi ushahidi unavyopimwa. Au chukua mwaka 1505: meli za Kireno zilipora Kilwa na Mombasa wakati Malindi ilikuwa rafiki yao. Mwambao mmoja, bahari moja, na maumivu hayakugawanywa sawa. Mjadala wa aina hiyo haumtukuzi yeyote.

4. Ulaya inaanzia wapi na kuishia wapi? Uingereza bado imo?

Imo. Uingereza ilitoka Umoja wa Ulaya Januari 31, 2020, haikutoka Ulaya. Urusi, Uturuki, Norwei na Uswisi pia zina nafasi darasani. Mtaala useme wazi kwamba unashughulikia bara na jamii zake, na kwamba Umoja wa Ulaya wenye nchi 27 ni sehemu moja ya habari hiyo.

Kuna mtego ambao huwapotosha hata wahadhiri. Baraza la Ulaya lililoundwa 1949, lenye makao Strasbourg na wanachama 46, si chombo cha Umoja wa Ulaya. Umoja wenyewe una kikao cha wakuu wa nchi na kingine cha mawaziri, na vyote viwili huitwa baraza. Mahakama nazo ni mbili: ya haki za binadamu iko Strasbourg chini ya Baraza la Ulaya, ya Umoja iko Luxembourg. Schengen nayo, eneo la nchi zilizoondoa ukaguzi kwenye mipaka kati yao, ina nchi 29, na baadhi yake si wanachama wa Umoja. Andikeni makao na idadi ya wanachama kando ya kila jina kwenye muhtasari wa kozi, la sivyo majibu ya mtihani yatawachanganya hata wasahihishaji.

## Kuunda mtaala

5. Tuanzie wapi?

Anzeni na kozi zilizopo. Idara nyingi za mwambao tayari zinafundisha historia ya Ulaya, uhusiano wa kimataifa, biashara ya kimataifa, fasihi, dini na utalii. Chukueni karatasi moja pana, mwandike kila kozi inayogusa Ulaya kwa angalau theluthi moja ya maudhui yake. Kando ya kila kozi jazeni mambo manne: ilifundishwa lini mara ya mwisho, nani huifundisha, hutolewa semesta ipi, na mwanafunzi anatakiwa awe amesoma nini kabla yake.

Jambo la kwanza ndilo huangusha mapendekezo mengi. Kozi hubaki kwenye kitabu cha chuo muda mrefu baada ya mwalimu wake kustaafu. Kozi ambayo haijafundishwa miaka miwili iliyopita isiingizwe kwenye hesabu mpaka mkuu wa idara aandike barua ya kuahidi kuirudisha, akitaja semesta.

6. Muundo wa kozi 6 uweje?

Kozi mbili ziwe mpya na za lazima: moja ya kuingilia, moja ya kumalizia. Nne za katikati zitoke kwenye idara zilizopo, na zisizidi mbili kutoka idara moja.

Sharti hilo la mwisho ndilo linalofanya somo liwe la taaluma mseto kwelikweli. Bila hilo, mwanafunzi wa Siasa atachagua kozi nne za siasa kwa sababu anawajua walimu. Lakini hata orodha yenye mchanganyiko haitoshi. Mchumi na mwanafasihi wanaweza kufundisha mlango kwa mlango bila kazi zao kukutana popote. Kukutana hutokea ndani ya zile kozi mbili mpya, ambamo swali moja hutazamwa kwa macho ya taaluma zaidi ya moja. Mkikosa nguvu za kuunda kozi nyingine yoyote, undeni hizo mbili.

7. Kozi ya kuingilia ifundishe nini?

Mgawanyo ufuatao unatosha wiki 15:

- Wiki 1–3: mipaka ya Ulaya, dini zake, lugha zake, na vyombo vilivyotajwa katika swali la 4.
- Wiki 4–7: Ulaya na mwambao, kuanzia Wareno hadi mkutano wa Berlin wa 1884–1885, mkataba wa 1886 uliomwachia Sultani wa Zanzibar ukanda wa maili kumi, na himaya ya Witu. Ziara moja iwe ndani ya wiki hizi (swali la 15).
- Wiki 8–11: kutoka tamko la Schuman, waziri wa Ufaransa aliyependekeza muungano, la Mei 9, 1950 hadi mkataba wa Roma wa 1957 na wa Maastricht uliounda Umoja wa Ulaya na kuanza kutumika Novemba 1, 1993, pamoja na jinsi sheria inavyotungwa Brussels na kupitishwa.
- Wiki 12–14: uchunguzi wa jambo moja la leo.
- Wiki 15: marudio na mawasilisho.

Kwa wiki 12–14 tunapendekeza maembe. Mwaka 2014 Kenya yenyewe ilisimamisha kuyapeleka soko la Umoja wa Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda: buu mmoja akionekana bandarini, shehena nzima hukataliwa. Wakulima wa Malindi na Magarini wanalijua tunda hili kuliko kitabu chochote. Darasani, mwanafunzi wa biolojia ataeleza mzunguko wa nzi, wa uchumi atahesabu gharama ya mitego na ya kuosha matunda kwa maji ya moto, wa siasa atafuata nani aliandika kanuni na kwa shinikizo la nani. Kisha wote wausome mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya, uliotiwa sahihi Nairobi Desemba 18, 2023 na kuanza kutumika Julai 1, 2024. Hapo wataona kwamba kuondolewa ushuru hakumwondolei mkulima masharti ya afya ya mimea.

8. Masharti yaliyojificha ni yapi, na kwa nini mnayasisitiza?

Ni kozi ambazo mwanafunzi hulazimika kusoma kwanza ili aruhusiwe kuingia kwenye kozi iliyotangazwa. Tuseme mmeorodhesha Biashara ya Kimataifa. Idara ya Uchumi inadai mwanafunzi awe amesoma uchumi mdogo (wa kaya na kampuni) na uchumi mkubwa (wa taifa zima). Kwa mwanafunzi wa Fasihi, kozi hiyo moja sasa ni tatu, na somo dogo la kozi 6 limekuwa la kozi 8. Yeye hugundua haya mwaka wa tatu, mfumo wa usajili unapomkatalia.

Dawa ni tatu. Ya kwanza, ombeni idara ikubali kozi ya kuingilia badala ya sharti lake, kwa wanafunzi wa somo dogo pekee, na makubaliano hayo yaandikwe. Ya pili, chagueni kozi nyingine ya uchumi isiyo na hesabu nzito. Ya tatu, wekeni wazi kwenye tangazo kwamba njia hiyo ni ya wanaosoma uchumi. Kunyamaza ndiko hakufai.

Pimeni pia ratiba. Wachukueni wanafunzi watatu wa kubuni, mmoja wa Historia, mmoja wa Biashara, mmoja wa Utalii, mpange semesta zao zote nane mbele ya ratiba halisi ya mwaka uliopita. Ikiwa hata mmoja hamalizi kwa wakati, mtaala haujawa tayari kwenda kwenye bodi.

9. Kozi ya kumalizia iweje?

Iwe utafiti mfupi wa maneno 6,000 hadi 8,000, unaosimamiwa na wahadhiri wawili wa idara tofauti. Swali lake sharti lihitaji taaluma mbili kulijibu. "Historia ya Wareno Malindi" ni pana na ni ya taaluma moja. "Wauzaji wa vinyago ufukweni walijifunzaje Kiitaliano, na lugha hiyo inawaongezea nini kwenye mapato?" linahitaji isimu na uchumi, na linafanyika kwa muda uliopo.

Mada ipitishwe kabla semesta haijaanza, kwa sababu vibali huchukua wiki (swali la 15).

10. Lugha ya Ulaya iwe ya lazima?

Tunashauri iwe, mbali na Kiingereza, ila kwa kiwango cha ukweli. Kufika A1, ngazi ya mwanzo kabisa kwenye ngazi za Ulaya za kupima lugha, huhitaji takribani saa 60 hadi 100 za mafunzo. Kozi mbili za saa 45 ni saa 90, kwa hiyo ahidini A1. Msiahidi B1, ngazi ya kati. Idara ikitangaza "ufasaha", mwanafunzi ataaibika siku ya kwanza ya mahojiano ya kazi.

Kwa Malindi, Kiitaliano ndicho chenye watu wa kuzungumza nao. Kireno kinafaa kwa atakayesoma vyanzo vya karne ya 16, Kijerumani kwa habari za Witu. Kozi za lugha ziwe nje ya zile 6, au moja tu ihesabiwe, la sivyo somo zima litageuka darasa la lugha.

## Idhini na uendeshaji

11. Pendekezo lipitie wapi?

Idara mwenyeji, bodi ya kitivo, kisha Seneti. Baada ya hapo kuna Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, iliyopo kwa mujibu wa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Kabla ya kuandika ukurasa wa kwanza, ulizeni kurugenzi ya ubora ya chuo chenu kama somo dogo litashughulikiwa kama marekebisho ya shahada iliyokwisha kuidhinishwa au kama programu mpya. Nyaraka na muda wa njia hizo mbili hutofautiana sana.

Faili iwe na maelezo ya kurasa 2 au 3, jedwali la swali la 5, mihtasari ya kozi mbili mpya, barua za idara zote zinazochangia, orodha ya walimu na sifa zao, orodha ya vitabu vilivyopo, na maoni ya wadau: waajiri, wahitimu, watu wa utalii na wa makumbusho. Barua za idara ndizo huchelewa. Mkuu wa idara akisema "hakuna shida" kikaoni, bado hajatoa barua. Pelekeni rasimu iliyoandikwa tayari, yenye majina ya kozi na idadi ya nafasi, abaki kusahihisha na kutia sahihi.

12. Somo lisilo na idara litamilikiwa na nani?

Lipeni nyumba ya kiutawala katika idara moja, na kamati ya watu 3 hadi 5 kutoka idara tofauti. Mratibu apunguziwe kozi moja kwa mwaka. Asipopunguziwa, kazi itafanywa usiku kwa moyo tu, na moyo huchoka. Alama za usajili za kozi mbili mpya ziwe na herufi zao wenyewe, ili msajili azione na transkripti izionyeshe.

13. Wahadhiri wawili wakifundisha kozi moja, saa zinahesabiwaje?

Kozi nyingi za pamoja hufia hapa. Chuo kikigawa saa 45 kuwa 22.5 kwa kila mmoja, wakati wote wawili wanahudhuria kila kipindi na kusahihisha pamoja, watafundisha mara moja na hawatarudi. Ombeni kila mmoja ahesabiwe kozi nzima kwa mizunguko miwili ya kwanza. Ikishindikana, wagawane wiki: kila mmoja aongoze saba, ya 15 iwe ya pamoja, na kila mmoja ahesabiwe kwa saa alizosimama. Vilevile amueni mapema idara ipi inahesabiwa wanafunzi, kwa kuwa bajeti hufuata vichwa.

## Vifaa, washirika na fedha

14. Maktaba yetu ni ndogo. Tutafundishaje?

Vyanzo vingi vya msingi ni vya bure mtandaoni: EUR-Lex kwa mikataba na sheria, Eurostat kwa takwimu, HUDOC kwa hukumu za Strasbourg, Europeana kwa picha na ramani za zamani. Pakueni nyaraka za semesta nzima mapema, mziweke kwenye kompyuta ya maktaba, maana intaneti ikikatika kipindi kimepotea.

Kwa fedha, Umoja wa Ulaya una mpango wa Jean Monnet unaofadhili ufundishaji wa habari za Umoja huo, na vyuo vya nje ya Ulaya vinaruhusiwa kuomba. Moduli, yaani kozi fupi inayofadhiliwa, hudai angalau saa 40 za kufundisha kwa mwaka wa masomo kwa miaka mitatu, na kiti cha uprofesa angalau saa 90. Saa hizo ziwe juu ya Umoja wa Ulaya wenyewe. Wiki za Wareno na Witu, pamoja na thamani yake yote, hazitawashawishi wapimaji, kwa hiyo ombeni kwa ajili ya kozi ya taasisi na biashara. Ili kuomba, chuo kinahitaji namba ya utambulisho ya Umoja wa Ulaya yenye tarakimu 9; ulizeni ofisi ya utafiti kama ipo kabla ya kuomba nyingine.

15. Ziara na utafiti wa nje vinahitaji nini?

Kwa nguzo, kanisa dogo la Wareno, Ngome ya Yesu na posta ya Lamu, andikieni Makumbusho ya Taifa ya Kenya mapema, mkitaja idadi ya wanafunzi. Ziara ya Malindi mjini humalizika asubuhi moja. Lamu inataka siku mbili na gharama ya mashua.

Mwanafunzi anayehoji watu anahitaji idhini ya kamati ya maadili ya chuo na leseni ya Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, na azingatie Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Wakazi wa Kizungu nao ni watu wenye faragha. Kuwapiga picha hotelini bila ruhusa kumewahi kufunga milango kwa wanafunzi waliofuata.

## Wanafunzi na hali zisizo za kawaida

16. Nani anaweza kujiunga, na lini?

Yeyote mwenye nafasi ya kozi za hiari kwenye shahada yake, kabla ya mwisho wa mwaka wa pili. Shahada kama Uuguzi na Uhandisi huwa hazina nafasi hiyo. Mwanafunzi wa huko ahesabu kwanza ada ya kozi za ziada.

17. Kozi moja inaweza kuhesabiwa mara mbili, somo kuu na somo dogo?

Ndiyo, lakini zisizidi mbili. Zikizidi, mwanafunzi wa Historia atapata somo dogo bila kusoma chochote kipya.

18. Nikisoma semesta moja Ulaya, kozi zangu zitahesabiwaje?

Mwaka kamili wa masomo Ulaya ni krediti 60 za mfumo wao wa ECTS, semesta ni 30, na krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi yote, darasani na nyumbani. Ikiwa mzigo wako wa kawaida hapa ni kozi 6 kwa semesta, kila moja ni sawa na krediti 5 hivi. Kozi ya krediti 3 huko haitoshi kuziba kozi nzima hapa. Mkataba wa masomo usainiwe na pande zote kabla hujasafiri. Ukibadilisha kozi ukiwa huko, tuma marekebisho mara moja.

19. Wanafunzi wakiwa wachache, kozi ifutwe?

Kozi za katikati haziathiriki, kwa kuwa zina wanafunzi wa idara zao. Za hatarini ni mbili mpya. Ya kuingilia ifunguliwe kwa wote kama kozi ya hiari ili ijaze viti. Ya kumalizia iendeshwe kama usimamizi wa mmoja mmoja. Kamwe isifutwe wakati kuna mwanafunzi aliyefikia mwaka wa nne.

20. Nikifeli kozi ya kumalizia, nitakosa shahada?

Hukosi, mradi somo kuu limekamilika na jumla ya kozi inatosha bila hiyo. Utakosa tu mstari wa somo dogo kwenye transkripti. Kanuni hii iandikwe kwenye mtaala neno kwa neno.

21. Nilisoma kozi inayohusika kabla somo dogo halijaidhinishwa. Itahesabiwa?

Kozi za katikati zihesabiwe ikiwa muhtasari uliotumika wakati huo unafanana na ulioidhinishwa. Leta muhtasari huo na alama zako kwa mratibu. Kozi mbili za lazima hazina mbadala: ya kuingilia unaweza kuisoma hata ukiwa mwaka wa tatu, lakini lazima itangulie ya kumalizia.